Mluzi unaopanda na injini: kabla ya kununua filta, tafuta unaingilia wapi

Swali: Nimefunga redio mpya na amplifaya ya chaneli nne inayoendesha spika za milango. Amplifaya iko kwenye buti, na ethi yake (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) nimeifunga kwenye bolti ya kiti cha nyuma. Injini ikiwa imezimwa muziki ni safi, ila nikisogeza sikio kwenye spika nasikia shii kidogo. Nikiwasha injini unaanza mluzi, na nikikanyaga mafuta unapanda pamoja na injini. Hata nikishusha sauti ya redio hadi sifuri, mluzi hautikisiki. Nilishauriwa kuweka filta kwenye waya wa umeme wa redio, kisha kapasita ya faradi 1 karibu na amplifaya. Hakuna kilichobadilika. Je, nibadilishe amplifaya?

Jibu: Amplifaya iache kwanza. Kwa ulivyoeleza, yaelekea haina kosa lolote, na hata ukifunga nyingine ya bei mara tatu kwenye bolti ileile ya kiti, mluzi utaukuta palepale.

Umetaja mambo mawili yanayopunguza kazi kwa nusu. La kwanza ni kwamba mluzi haubadiliki ukishusha sauti hadi sifuri. Kitufe cha sauti ni kama lango. Kelele iliyoingia kabla ya lango hupanda na kushuka pamoja na muziki, na iliyoingia baada yake haijali umefungua kiasi gani. Yako basi inaingia baada ya lango, yaani kuanzia matundu ya RCA nyuma ya redio, yale yanayotoa muziki kwenda amplifaya, kupitia kebo, hadi kwenye amplifaya na ethi yake. Kama mluzi ungekuwa unapanda na kushuka na sauti, ningekutuma kwenye waya wa simu, tundu la AUX au chaja ya USB. La pili ni hiyo shii inayosikika injini ikiwa imezimwa. Hiyo ni kelele nyingine kabisa, ina sababu yake na dawa yake, nitaifikia baadaye. Usizichanganye. Ukianza kuzungusha geini, kitufe cha ukuzaji kwenye amplifaya, ili kuua mluzi utaupunguza kidogo na kudhani umepona, kumbe ugonjwa uko vilevile ila unasema kwa sauti ya chini.

Mluzi wenyewe unazaliwa kwenye alteneta. Alteneta haitoi umeme ulionyooka kama wa betri. Inatoa umeme wa kupanda na kushuka wa fezi tatu, kisha dayodi, kwa kawaida sita, zinaunyoosha. Unyooshaji huo hauwi laini kabisa, na juu ya zile volti 14 hubaki vijiwimbi. Alteneta yenye ncha 12 za sumaku hutoa vijiwimbi 36 katika kila mzunguko wake. Chukua injini inayozunguka mara 800 kwa dakika, na kasi ya alteneta iwe mara 2.5 ya injini: alteneta inazunguka mara 2,000 kwa dakika, takriban 33 kwa sekunde. Zidisha kwa 36, unapata kama Hz 1,200, yaani mitetemo 1,200 kwa sekunde. Kanyaga mafuta hadi mizunguko 2,400 na mlio unafika Hz 3,600. Hapo ndipo sikio la binadamu lina ukali wake mkubwa, ndiyo maana milivolti chache tu zinakera kiasi hicho.

Vijiwimbi hivyo viko kwenye kila gari, hata lile lisilo na mluzi. Kinachotakiwa kujulikana ni njia vinayopitia hadi kuingia kwenye muziki.

Redio imeshikwa na bodi ya gari kule dashibodi, amplifaya imeshikwa na bodi kule buti. Halafu zimeunganishwa tena zenyewe kwa zenyewe kupitia waya wa nje wa kebo ya RCA, ule wa nyuzi zilizosukwa kuuzunguka waya wa katikati. Hapo limepatikana duara: bodi, redio, RCA, amplifaya, bodi. Umeme ulioingia kwenye amplifaya kwa waya mwekundu lazima urudi ulikotoka, na hurudi kwa kila njia iliyo wazi. Ethi ya amplifaya ikiwa na ukinzani wa omu 0.01 tu, na amplifaya ikivuta ampea 30, pale kwenye ethi peke yake zinabaki volti 0.3. Sehemu ya mkondo itatafuta njia ya pembeni, na ya pembeni ni RCA yako. Waya huo wa nje ndio nusu ya pili ya muziki: amplifaya inasoma tofauti kati yake na waya wa katikati, na haina namna ya kujua kipi ni gitaa na kipi ni alteneta. Inakuza vyote. Ikiwa inakuza mara 20, milivolti 10 za mluzi zinafika kwenye spika zikiwa volti 0.2. Ndani ya gari lililofungwa vioo, hizo zinasikika vizuri sana.

Hapo utaona kwa nini ulivyonunua havikusaidia. Filta kwenye waya chanya wa redio inasafisha kinachokuja kwa waya chanya. Kelele yako inaingilia upande wa kurudi. Kapasita ya faradi 1 inajazia pale volti zinaposhuka besi inapopiga, na hasi yake bila shaka umeifunga kwenye bolti ileile ya kiti. Haiwezi kusawazisha ethi mbili zilizoachana umbali wa nusu gari.

Sasa kazi. Unahitaji multimita ya dijitali, kebo ya RCA ya akiba ndefu ya kutosha kutoka dashibodi hadi buti, kebo fupi ya kutoka tundu la simu la milimita 3.5 kwenda RCA, mita tano hivi za waya wa kawaida, na vichwa vinne vya RCA vya zamani. Onyo moja kabla hujagusa chochote: usichomoe wala kuchomeka RCA mfumo ukiwa umewashwa. Ndani ya redio nyingi, pete za nje za RCA zimeunganishwa na ethi kwa uzi mwembamba sana au kifyuzi kidogo kilicholehemiwa kwenye sakiti. Ukichomeka RCA umeme ukiwa hai, au ethi ya amplifaya ikifunguka wakati RCA bado ziko ndani, mkondo wote wa amplifaya unajaribu kupita hapo, na uzi unakatika. Redio itaendelea kupiga kama kawaida, ila kuanzia siku hiyo ina mluzi. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Anza na vichwa vya kufunga midomo ya amplifaya. Chukua kichwa cha RCA cha zamani, kifungue, na ulehemu kipande cha waya cha sentimita moja kati ya pini ya katikati na pete ya nje. Basi, hicho ndicho kifaa, na ndicho kipimo chenye thamani kuliko vingine vyote hapa. Tengeneza vinne. Zima mfumo, chomoa RCA kwenye amplifaya, chomeka vichwa hivyo kwenye matundu yote manne ya kuingizia, washa mfumo, kisha washa injini. Usitosheke na kuchomoa RCA tu na kuacha matundu wazi. Tundu lililo wazi ni kama antena, utasikia mivumo isiyo yako na itakupoteza njia. Na kamwe usivichomeke vichwa hivyo kwenye matundu ya kutolea ya redio. Hapo utakuwa unafunga mdomo wa kitu kinachosema, na unaweza kukiunguza.

Kukiwa kimya kabisa, amplifaya, umeme wake na nyaya za spika vimeshatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Nategemea hivyo ndivyo itakavyokuwa kwako.

Mluzi ukibaki hata midomo ikiwa imefungwa, kelele inaingia kwenye amplifaya yenyewe au baada yake. Chomoa nyaya zote za spika kwenye amplifaya, funga spika moja ya pembeni kwa waya mfupi, usikilize. Ikiwa kimya, kuna waya wa spika uliochubuka na kugusa bodi, na mahali pa kwanza pa kutazama ni kwenye bawaba ya mlango, unapopinda kila mlango unapofunguliwa. Nyaya zikiwa zimechomolewa, weka multimita kwenye omu na upime kila mmoja dhidi ya bodi: isiwepo njia hata kidogo. Angalia pia kama kasha la amplifaya limepigwa skrubu moja kwa moja kwenye chuma cha gari. Lifunge juu ya kipande cha ubao na uone kama kuna tofauti. Mluzi ukibaki hata kwa spika ya pembeni, bado usiihukumu amplifaya. Ipe kwanza ethi nzuri, kama nitakavyoeleza, ndipo uipime tena.

Tuseme ni kimya. Rudisha RCA kwenye amplifaya, nenda dashibodi, uichomoe upande wa redio, na kwenye ncha hiyo ya mbele uchomeke simu kwa ile kebo fupi. Simu itumie betri yake, isiwe kwenye chaja ya gari, la sivyo umefunga duara jingine na kipimo hakina maana. Redio ibaki imewashwa ili iendelee kuiamsha amplifaya kupitia waya wa remoti. Piga muziki wa chini, washa injini. Simu haijagusa bodi mahali popote, kwa hiyo duara limekatika. Mluzi ukiendelea hivyo hivyo, kebo yenyewe inadaka kelele njiani, mara nyingi kwa sababu imelazwa sambamba na waya mkubwa wa betri. Pitisha ile kebo ya akiba juu ya viti, mbali na kila kitu, ulinganishe. Ikinyamaza, ihamishe RCA upande wa pili wa gari. Zikilazimika kukutana na waya wa umeme, zipishane kama msalaba, zisitembee pamoja. RCA zenye nyaya mbili zilizosokotwa hudaka kidogo kuliko zile nyembamba za kawaida, lakini kebo ya gharama iliyolazwa juu ya waya wa betri bado itashindwa na ya kawaida iliyopita mahali pazuri.

Ikiwa simu inapiga safi na redio inapiga mluzi, duara ndilo linalokusumbua, na lina pande mbili: ethi ya amplifaya na ethi ya redio. Anza na ya amplifaya, maana bolti ya kiti ni mahali pabaya na sina haja ya kupima ili kusema hivyo. Bolti za viti hupakwa gundi ya kuzuia kulegea, mabano yake yamepakwa rangi juu na chini, na chuma kinachoshika kiti mara nyingine kimeshikizwa kwenye sakafu kwa nukta chache tu za kulehemu. Bolti za mkanda wa usalama usiziguse kabisa, hata kama zinaonekana nene na nzuri. Zina kazi ya kuokoa maisha, na zimekazwa kwa kipimo maalumu.

Tafuta bati nene la sakafu ya buti, lisizidi nusu mita kutoka amplifaya. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari kwa macho yako uone kuna nini upande wa pili. Tangi la mafuta na mabomba ya breki hupita maeneo hayo hayo. Toboa tundu la bolti ya milimita 8. Kisha piga msasa duara kubwa kidogo kuliko teminali ya pete utakayofunga. Chini ya rangi utakuta tabaka la rangi ya msingi, la kijivu au jekundu hivi. Watu wengi huishia hapo wakidhani ni chuma. Endelea mpaka ung'ae mweupe kama shilingi mpya, bila doa. Weka washa ya meno kati ya pete na bati ili ing'ate, kaza kwa nati upande wa chini, kisha paka rangi au grisi juu ya kiungo kizima, juu na chini ya bati. Grisi ipakwe baada ya kukaza, siyo kabla. Teminali ya pete iminywe kwa koleo lake. Waya uliozungushwa kwenye bolti kwa mkono utalegea baada ya wiki chache za barabara mbovu.

Waya wa ethi uwe na unene sawa na waya mwekundu, na hapa hesabu inafaa kufanywa. Shaba ya milimita mraba 8, urefu wa mita 5, ina ukinzani wa takriban omu 0.011, kwa ampea 40 unapoteza volti 0.44 njiani. Ukiweka ya milimita mraba 21, inayouzwa kama namba 4, unapoteza chini ya volti 0.2. Na uangalie ndani ya ganda: nyaya nyingi zinazouzwa kwa seti ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na uwezo wake ni kama asilimia 60 hadi 65 ya shaba halisi. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha, hiyo ni aluminiamu. Si lazima uitupe, panda saizi moja tu. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Hiyo haihusiani na mluzi, inahusiana na moto.

Sasa ipime kazi yako. Watu hupima ethi kwa omu, na multimita ya kawaida kwenye omu haiwezi kuona omu 0.01, nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Pima volti badala yake, mfumo ukiwa unafanya kazi. Weka multimita kwenye volti za DC (umeme ulionyooka), kipimo cha chini kabisa. Ncha moja kwenye skrubu ya hasi ya amplifaya, ncha nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri kwa ule waya mrefu. Piga muziki wenye besi kwa sauti kubwa. Chini ya volti 0.1 ni nzuri sana. Ikipita 0.2 kuna cha kutafuta, na ikifika 0.5 kuna kiungo kimelegea au kimeoza. Kukitafuta, gawa njia vipande: skrubu ya amplifaya hadi bati lililong'arishwa pembeni ya bolti, bati hadi bodi ya mbele karibu na betri, bodi hadi nguzo ya betri. Kipande chenye volti ndicho chenye kosa. Mara nyingi si kule buti bali ni waya mweusi wa kiwandani unaotoka betri kwenda bodi, ambao ni mwembamba na umeliwa na kutu chini ya bolti yake. Usiusahau pia ule wa kutoka injini kwenda bodi. Injini ikiwaka, umeme unarudi alteneta, na alteneta imeshikwa kwenye injini, kwa hiyo sehemu kubwa ya mkondo inapita hapo. Kuongeza waya mmoja mnene sambamba na kila mmoja wa hizo mbili ni kazi ya saa moja.

Upande wa redio, vua ethi yake kwenye soketi ya nyuma na uiunge kwa muda na ule waya mrefu hadi kwenye bolti mpya ya ethi ya amplifaya. Mluzi ukipotea au ukipungua sana, ethi ya kiwandani nyuma ya dashibodi ndiyo mbovu, au inashirikiana na feni ya hewa na taa. Mpe redio waya wake wa kudumu, wa milimita mraba 2.5, hadi kwenye chuma safi chenye nguvu nyuma ya dashibodi, si kwenye kipande chembamba cha kushikilia plastiki.

Ukiwa umefanya yote hayo na mluzi bado upo, rudi kwenye ule uzi mwembamba ndani ya redio. Zima kila kitu, chomoa RCA zote nyuma ya redio. Pima omu kati ya pete ya nje ya tundu la RCA na kasha la chuma la redio. Kwa redio nyingi za kufunga inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukiona haina njia kabisa, au unapata mamia na maelfu ya omu, uzi umekatika. Kabla hujampelekea fundi wa elektroniki afungue, hakikisha hivi: chukua waya wa shaba usio na ganda, uzungushe mara mbili tatu kwenye pete ya nje ya kila tundu la RCA kwa mfuatano, usiguse pini ya katikati, kisha ncha yake uifunge chini ya skrubu ya kasha la redio. Chomeka RCA juu yake, washa injini. Kama huo ndio ugonjwa, mluzi unakatika pale pale kama uliofungwa na swichi. Wengine huacha waya huo ukae hivyo miaka mingi bila tatizo, lakini uwe umeshikwa imara, na usiwe unagusa kitu kingine.

Alteneta yenyewe pia inaweza kuwa mgonjwa, ingawa hulaumiwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Injini ikizunguka kama 2,000 kwa dakika na taa zikiwa zimewashwa, pima kwenye nguzo za betri. Kwa DC upate kama 13.8 hadi 14.4, magari yanayoongoza alteneta kwa kompyuta yanaweza kutoka nje ya hapo bila kuwa na kosa. Kisha geuza multimita iwe AC (umeme wa kupanda na kushuka). Milivolti 50 au hata 100 ni hali ya kawaida. Ikipita nusu volti, dayodi moja imekufa. Hapa kuna mtego: multimita za bei ya chini huona DC na kuionyesha kama AC. Badilisha ncha, chanya iwe hasi. Kama namba inaruka kutoka volti 28 hadi sifuri, multimita inakudanganya, tafuta nyingine.

Haya, ile shii. Hiyo ni geini. Kitufe kilichoandikwa GAIN au LEVEL kwenye amplifaya si cha kuongeza nguvu. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio. Redio ikitoa volti 4 na amplifaya ikasubiri 0.2, amplifaya inakuza kila punje ya vumbi la umeme, na wewe unalazimika kuendesha redio kwa sauti ndogo ambapo muziki uko karibu na kelele. Kuipanga: chomoa nyaya za spika, zima besi za nyongeza na vionjo vyote, weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, piga mlio wa majaribio wa Hz 1,000 uliorekodiwa kwa kiwango kamili. Pima volti za AC kwenye teminali za spika za amplifaya huku ukipandisha geini taratibu kutoka chini. Kituo chako ni kipeuo cha pili cha wati kuzidisha omu. Amplifaya ya wati 75 kwa spika ya omu 4: 75 mara 4 ni 300, na kipeuo chake cha pili ni 17.3. Ukifika volti 17.3, simama. Ukiambiwa geini iko nusu ndiyo sawa, usiamini. Kwa redio yenye volti 4 mara nyingi inaishia robo au chini yake. Multimita nyingi husoma AC vibaya masafa yakipita mia chache, kwa hiyo kama yako ni ya kawaida tumia mlio wa Hz 100, mradi kichujio cha masafa cha amplifaya kiwe kimezimwa wakati wa kupima.

Kwa kuwa mluzi nao unakuzwa na geini hiyo hiyo, kuipanga vizuri kutaupunguza. Ndiyo maana nimeiweka mwishoni.

Kuhusu aisoleta, kile kikopo kidogo chenye RCA pande mbili: ndani kuna transfoma inayopitisha muziki kwa sumaku bila kuunganisha waya, na duara linakatika. Inafanya kazi. Lakini transfoma ndogo za bei ya chini hula besi ya chini na huivuruga sauti ikiwa kubwa. Mimi naiona kama kifaa cha kupimia: iweke kati ya RCA na amplifaya, mluzi ukikatika una uhakika ni duara, kisha itoe ukarekebishe ethi. Pa kuiacha kwa haki ni kwenye AUX ya simu inayochajiwa humo humo garini, ambapo duara halikwepeki.

Kwa wengine watakaosoma hili na kelele zao si za namna hii: tiki-tiki inayofuata injini hutoka kwenye mfumo wa kuwasha, na tazama kama plagi ni zile zenye rezista ndani, mara nyingi zikiwa na herufi R kwenye namba yake, na kama nyaya za plagi zimezeeka. Mshindo wa pu! wakati wa kuwasha ni waya wa remoti kuiamsha amplifaya kabla redio haijatulia. Hakikisha umeutoa kwenye waya wa remoti wa redio, si kwenye swichi ya funguo. Mkwaruzo wa FM peke yake baada ya kufunga amplifaya ya daraja la D ni antena au ethi ya antena. Na wenye redio ya kiwandani isiyo na RCA: waya hasi wa spika wa redio hizo si ethi, una volti kama 6 zake, kwa hiyo kuufunga kwenye bodi ni kuua redio. Tumia amplifaya inayopokea nyaya za spika moja kwa moja, au kibadilishi chenye transfoma.

Ukishamaliza, filta ya redio iondoe, haina kazi. Kapasita ukiamua kuitoa, usiifungue tu na kuiweka kando, maana faradi 1 iliyojaa volti 14 inaweza kuchoma spana ikishikana kimakosa. Ng'oa kwanza fyuzi kuu karibu na betri, fungua waya chanya wa kapasita, kisha weka balbu ya volti 12 kati ya nguzo zake mbili. Itawaka kidogo na kufifia. Ikizima kabisa na multimita ikasoma chini ya volti 1, ndipo uishike.